Nani Ashike Spana ya Gari Kuukuu?

Gari linalobishaniwa hapa ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, lita 2.5, rangi ya kijani iliyopauka kwa jua. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa fizikia anayeishi Arusha, na kila mwezi hulipeleka shambani kwake Monduli Juu. Mwaka jana aliamua kwamba kuanzia sasa matengenezo yote atayafanya mwenyewe, uani kwake, kwa kitabu cha gari na boksi la spana alilolinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo. Fundi wake wa miaka mingi, mwenye gereji maeneo ya Unga Limited, aliumia moyo. Mpwa wa Mwalimu, dereva wa watalii, akaingia katika ubishi huo. Akaingia na mama mwenye duka la spea ambaye wote watatu hununua kwake. Jumapili moja niliketi nao kutwa, gari likiwa mbele yetu, boneti wazi. Mimi nina upande wangu na nitausema. Kwanza wasikilizeni wenyewe.

MWALIMU: Sina ugomvi na Fundi, na mbele yenu narudia kwamba ni mtu mwaminifu. Ninachokataa ni kulipia kazi moja mara tatu. Gari hili lilikuwa linapunguza maji. Nikalipeleka, ukabadilishwa mpira wa rejeta. Likaendelea. Nikalirudisha, ikabadilishwa pampu ya maji. Likaendelea. Asubuhi moja nikakaa nalo mwenyewe, injini ikiwa ya baridi, tochi mkononi, nikaona utando mweupe wa maji yaliyokauka upande wa mbele wa injini, pale penye gasketi ndogo yenye umbo la herufi P. Wenye 300Tdi wote wanaijua. Kitu cha kuingia mfuko wa shati! Kazi ilinichukua siku mbili, lakini mpaka leo ni miezi minane na kopo la maji halijashuka hata upana wa kidole.

FUNDI: Simulia yote, Mwalimu. Ulipokuja mara ya kwanza ulisema, "Nina haraka, niwekee chochote nifike Monduli." Injini ilikuwa ya moto, mvuke kila mahali. Maji yanayovuja kidogo kidogo hukauka juu ya injini ya moto kabla hayajadondoka. Hata ungeniletea profesa asingeyaona. Mpira ulikuwa umepasuka kweli, nikautoa. Mara ya pili pampu ilikuwa na mchezo kwenye beringi, ukaushika mwenyewe kwa mkono wako. Ungeniachia gari usiku mmoja, ningelitazama alfajiri kama ulivyolitazama wewe. Wewe ulikuwa na muda. Mimi nilikuwa na magari sita uani na wenye magari sita wamesimama mlangoni wakiangalia saa.

Fundi ana hoja hapo, na ni nzito kuliko inavyosikika. Tunamhukumu fundi kwa kazi aliyoifanya ndani ya saa mbili, kisha tunamsifu mwenye gari aliyepata siku mbili. Gari kuukuu haligunduliki ugonjwa kwa haraka. Linataka mtu atakayelitazama likiwa limelala, atakayelisikiliza likiamka, atakayelifuata barabarani, halafu alitazame tena. Gereji ya kulipwa kwa kazi haiwezi kumpa mteja muda huo, na mteja mwenyewe hataki kuulipia.

DEREVA: Mjomba, mimi suala la maji linanitisha kuliko lote. Watu wanaamini geji ya joto. Kile kipimo husoma joto la maji kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki hewani, sindano inakaa katikati kama kawaida au inashuka kabisa, na wewe unaendesha ukijisifu kwamba gari halichemki. Ukija kunusa, hedi imeshapinda. Mwenzangu mmoja aliua injini hivyo kati ya Naabi na Seronera, watalii wamo ndani. Ndiyo maana sisi hatusubiri geji. Kila asubuhi kabla ya kupiga stata: maji, oili, mafuta ya breki, mafuta ya usukani, kisha unainama chini uone kama usiku kumedondoka kitu. Nati za magurudumu unazigonga. Majani ya springi unayapitisha macho moja moja. Dakika kumi na tano.

MWALIMU: Nani aliyekufundisha?

DEREVA: Fundi.

Kukawa kimya kidogo. Nitoe maelezo kwa asiyejua: hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma. Vikipata joto la kupindukia havitanuki sawasawa. Hedi hupinda, gasketi iliyo katikati huungua, na kinachofuata ni maji kuingia kwenye oili au moto wa silinda kuingia kwenye maji. Kuirudisha hedi kunataka mashine ya kuisawazisha, na bolti zake hukazwa kwa kipimo maalumu, kisha huzungushwa kwa nyuzi zilizoandikwa kitabuni, kwa mpangilio unaoanzia katikati kwenda pembeni. Kazi hiyo yote huzaliwa na gasketi ya kuingia mfuko wa shati.

FUNDI: Basi tuzungumzie kinachoua. Mwalimu, hendibreki ya gari hili inashika wapi?

MWALIMU: Haishiki magurudumu. Iko nyuma ya boksi la gia la pili, inashika propela shafti ya nyuma.

FUNDI: Vizuri. Umeinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hendibreki umeivuta juu kabisa. Je, gari limefungwa?

MWALIMU: Halijafungwa. Shafti imesimama, lakini difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande wa pili. Gari linaweza kutembea.

FUNDI: Linatembea likiwa juu ya jeki, na wewe uko chini yake. Sasa waambie hawa: siku ile ya kwanza ulipotoa gurudumu uani kwako, uliweka nini?

MWALIMU: Sikuweka kitu. Fizikia yake niliijua, ila sikuikumbuka nikiwa na spana mkononi. Lilisogea upana wa kiganja. Tangu siku hiyo nafunga difu ya katikati ili shafti ya mbele nayo ishikwe, naweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na siingii chini ya gari mpaka lilale juu ya stendi za chuma.

FUNDI: Mimi nilizika kijana. Mwanafunzi wangu, miaka kumi na tisa, alikuwa chini ya gari la mtu, juu ya jeki na matofali. Tofali la saruji halipasuki polepole. Kwa hiyo mtu akiniambia ametazama video akaamua kuingia chini ya tani mbili za gari, mimi sicheki naye.

Sikutaka kuendelea haraka baada ya maneno hayo, na sitaki msomaji aendelee haraka. Kama kuna jambo moja katika mjadala huu lisilo na pande mbili, ni hili: jeki ni ya kuinulia gari, haikutengenezwa kulishikilia. Tofali, jiwe la mtoni, rimu iliyolazwa, vyote hivyo tumevizoea kwa sababu vimetuponya mara nyingi. Mwenye gari asiye na fedha ya kununua jozi ya stendi za chuma hana fedha ya kutengeneza chini ya gari lake. Akae juu, ashughulikie vya boneti.

MAMA WA SPEA: Mimi nina langu ambalo nyote hamtalipenda. Dukani kwangu naona nani ananunua nini. Fundi akija, huniuliza bei ya chini. Mwenye gari akija mwenyewe, huniuliza ipi inadumu. Beringi ya gurudumu ninazo za aina tatu, na kwa macho zote zinang'aa. Mteja akishazilipia kwa fundi hajui alifungiwa ipi.

FUNDI: Mama, mimi nanunua ya chini kwa sababu mteja kaniambia ana elfu hamsini.

MAMA WA SPEA: Najua. Sikusema unaiba. Nasema mteja hakuulizwa. Angeambiwa, "Hii utairudia baada ya mvua moja, ile utaisahau," wengi wangetafuta nyongeza. Na ninyi wa kujitengenezea, nanyi mna lenu. Unaniletea picha ya simu, gizani, kidole kimeziba nusu, unasema, "Nataka kama hiki." Land Rover ya 1996 na ya 1999 si gari moja, injini zenyewe tofauti. Nileteeni namba ya chasisi na spea ya zamani iliyooshwa. Oili sili nitaipima kwa kalipa: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Ukinidanganya milimita mbili, utarudi kulia hapa.

Nilimuuliza Mama jinsi anavyoitambua spea ya bandia. Alisema mengine ni uzoefu wa mkono: uzito, ukali wa kingo, maandishi kwenye boksi yenye herufi iliyokosewa, filta ya oili ambayo ukiichungulia ndani karatasi yake imekunjwa mikunjo michache. Lakini akaongeza kwamba spea nzuri iliyofungwa vibaya hufa sawa na ile ya bandia. Beringi iliyopigwa nyundo moja kwa moja kwenye chuma, au iliyofungwa na mchanga ndani ya grisi, haitafika Karatu.

Mwalimu akarudi kwenye hoja aliyoipenda zaidi. Alisema Land Rover ilizaliwa iwe ya kutengenezwa na mwenyewe. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ikiwa bado inagawa chuma kwa kibali baada ya vita, ndiyo sababu bodi ikawa ya aluminiamu. Paneli zake zimenyooka ili zikunjwe kwa mashine rahisi, na zimefungwa kwa bolti na riveti. Gari la mkulima. Mlango ukiharibika unafungua bolti, unaweka mwingine. Toyota nao, gari lao la 1951 lililokuja kuitwa Land Cruiser mwaka 1954, walifuata njia hiyohiyo: chasisi ngumu chini, kila kitu kikiwa mahali pa kufikika.

FUNDI: Na chasisi ya hili lako ni ya nini?

MWALIMU: Ya chuma.

FUNDI: Basi usituimbie aluminiamu. Bodi haiozi kama bati, sawa, ingawa hata yenyewe ikigusana na chuma penye unyevu hutoka unga mweupe. Chasisi inaoza kutokea ndani. Wewe unaipaka rangi nje kila mwaka, inapendeza. Tope la Monduli limejaa ndani ya bomba lile tangu mvua za El Niño. Lini mara ya mwisho uliingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chasisi ukaosha mpaka yakatoka safi? Chukua nyundo ndogo, gonga boriti ya nyuma. Penye sauti ya kengele pazima. Penye sauti ya debe pamekwisha.

Tuligonga. Upande wa kulia, karibu na kona, palitoa sauti ya debe. Mwalimu alikaa akapatazama mahali pale kwa muda, akamuuliza Fundi angepachomelea lini. Fundi akasema Jumatano, betri iwe imefunguliwa kabla ya kuchomelea. Hakukuwa na aliyeshinda hapo. Wote wawili walikuwa wamelitunza gari lile kwa zaidi ya miaka kumi, na wote wawili walikuwa hawajaligonga.

Sasa niseme langu, kwa sababu limetokana na jeraha. Mwaka 2011 nilinunua Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1992 kutoka ofisi moja iliyokuwa inauza magari yake ya zamani. Injini yake, 1HZ, lita 4.2, silinda sita, ina sifa ya kudumu Afrika nzima, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini ina mkanda wa taimingi wa mpira, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka umbali huo ukifika. Yangu haikuwahi kuwaka. Niliuliza kama mkanda ulibadilishwa, nikaambiwa, "Ulibadilishwa." Lini? "Si zamani." Na nani? Fundi alishahama. Mkanda ukakatika kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu. Valvu zikagonga pistoni, na deni la kuifufua injini ile lilinichukua karibu mwaka mzima kulimaliza. Dashibodi ilipofunguliwa, balbu ya ile taa haikuwamo. Siku fulani, kabla sijalinunua gari, iliwaka, na mtu akaona njia rahisi ni kuichomoa.

Kwa mkasa huo nimefikia rai ambayo naishikilia kuliko zote zilizosemwa Jumapili ile. Ubaya mkubwa wa gari kuukuu ni kukosa kumbukumbu. Limepita mikononi mwa wenye gari wanne, madereva saba, mafundi wasiohesabika, vijana wa deiwaka waliofunga bolti moja wakaenda. Kila mmoja alijua kipande. Aliyeweka mkanda anajua aliuweka. Aliyeongeza oili kwenye difu anajua aliongeza ipi. Wote wameondoka na ujuzi huo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee wakiwazia duka, na gari la miaka 30 nalo ni duka lenye bidhaa elfu. Mwenye gari wa sasa ndiye peke yake anayebaki nalo. Kwa hiyo anapaswa kuingia chini yake, ajipake grisi, hata kama hatapunguza gharama hata shilingi moja, ili ajue kilichomo.

FUNDI: Daftari ni zuri. Lakini mwandishi, wenye magari wangapi wamewahi kuniletea? Mmoja. Mzungu wa misheni, miaka mingi iliyopita. Daftari linalokaa kabatini halinisaidii. Na mimi ninapomwambia kijana wangu aandike alichofanya, mteja ananung'unika kwamba tunampotezea muda.

DEREVA: Na fundi akiandika, wengine wanaogopa. Kikiharibika, karatasi itamshika.

FUNDI: Itamshika ndiyo. Na imshike. Mimi kazi yangu naweza kuisaini.

Nilifurahi kulisikia hilo. Nimekutana na mafundi waliosoma VETA na wengine waliojifunzia chini ya mwembe, na waliokuwa hodari kati yao wote walikuwa na sifa moja: hawakuogopa kuulizwa walichofanya jana. Tuwaulize kwa heshima, tuwalipe muda wa kujibu.

Mabishano makali yalibaki kwenye breki. Fundi alisema breki na usukani mwenye gari asiguse kamwe, kwa sababu akikosea atakufa na mtoto wa mtu anayevuka barabara. Nilikuwa tayari kukubaliana naye. Nilikuwa nimeshapanga kanuni yangu kichwani: mwenye gari afanye kazi za kutazamwa mara kwa mara, kama oili, filta, maji, grisi, mikanda, kukaza nati, fundi afanye kazi za kufanywa mara moja na zikae, kama klachi, hedi, breki, usukani, kuchomelea. Dereva akaivunja kanuni hiyo.

DEREVA: Mimi ninapokuwa Loliondo, bomba la breki likapigwa na jiwe, fundi ninamtoa wapi? Nina abiria sita na mteremko mbele. Lazima nijue kuliziba tundu la bomba lile, kutoa hewa kwenye mfumo kuanzia gurudumu la mbali na pampu, na kurudi polepole kwa gia ndogo. Nisipojua, nitafanya nilichoona kikifanywa: mtu akatia oili ya injini kwenye kopo la breki. Mipira yote ya ndani ikavimba. Wiki ile ile breki zote nne zikashika njiani.

FUNDI: Hilo la porini nakubali. Porini mtu hujiokoa. Akifika mjini alilete.

MWALIMU: Na mafuta ya breki yenyewe, Fundi, je? Yanafyonza unyevu wa hewa, kiwango chake cha kuchemka kinashuka. Kitabu kinataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Hebu niambie, kwa gari hili yalibadilishwa lini?

FUNDI: Tuliongeza.

MWALIMU: Kuongeza si kubadilisha.

FUNDI: Hujawahi kuomba yabadilishwe.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wetu sote. Sisi hulipeleka gari likiwa limeharibika, na fundi hutengeneza kilichoharibika. Vile visivyopiga kelele havina mwenyewe: mafuta ya breki, oili ya difu na ya boksi la gia, maji yanayojikusanya chini ya filta ya dizeli na kutafuna pampu, mpira wa bomba la hewa wenye ufa unaoingiza vumbi moja kwa moja kwenye silinda huku filta ikionekana safi. Fundi hajatumwa. Mwenye gari hajui. Kwa hiyo kanuni yangu nimeibadilisha: kisicholia ni cha mwenye gari. Hata kama mkono utakaokifungua ni wa fundi, anayepaswa kukumbuka kwamba wakati umefika ni mwenye gari.

Chukua mfano wa mkanda wa taimingi wa hii 300Tdi. Chini ya kasha lake kuna tundu linalozibwa kwa bolti mtu anapovuka maji mengi. Mkanda unaolika hudondosha unga mweusi wa mpira, na unga huo hukusanyika pale. Mtu yeyote mwenye spana moja anaweza kuchungulia na kupapasa kwa kidole. Injini za mwanzo za aina hii zilikuwa na kasoro ya puli kutokaa mstari mmoja, mkanda ukawa unalika ubavuni, kwa hiyo kuchungulia si ziada. Na tundu jingine kama hilo liko chini ya kasha la klachi: oili nyeusi ikidondoka hapo, sili ya nyuma ya injini imechoka, ikiwa ni ile ang'avu ya gia, ni sili ya mbele ya boksi la gia. Mwenye gari anayelijua tundu hilo ataingia gereji na kusema, "Fundi, oili inayotoka ni ya injini," na nusu ya safari itakuwa imekwisha kabla gari halijafunguliwa.

Mama wa spea alikumbusha jambo la oili chafu, nami namshukuru. Wanaojitengenezea nyumbani hawana pipa la kukusanyia. Wanamwaga kwenye mfereji au chini ya mti. Arusha yetu inakunywa maji ya chemchemi na visima vya chini ya Mlima Meru. Kinachomwagwa uani hakibaki uani. Wengine wanaipaka nguzo kwa ajili ya mchwa, na mikono yao haina glavu, na oili iliyotumika ina sumu inayodhuru ngozi kwa miaka. Ikusanye kwenye dumu, uipeleke gereji yenye pipa. Fundi alisema yeye ataipokea bila malipo, kutoka kwa yeyote.

Jua lilipokuwa linashuka Mwalimu alileta daftari lake la kurasa za mistari, lenye kurasa tano tu zilizoandikwa. Alilisukuma mbele ya Fundi. Fundi akavaa miwani, akaisoma kazi ya ile gasketi ya P, akauliza bolti alizikaza kwa kipimo gani, akaambiwa, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaandika chini yake kwa mkono wake: boriti ya nyuma kulia imeoza, kuchomelewa Jumatano. Akaweka tarehe na kilomita. Hawakuwa wamekubaliana kuhusu breki, na nadhani hawatakubaliana.

Uamuzi wangu ni kwamba Mwalimu alifanya sawa kuingia chini ya gari lake, na alikosea kuazimia kuliondoa gereji. Fundi alikosea kuumia. Anayemletea gari analolijua anamletea heshima. Nawe msomaji mwenye Land Rover, Land Cruiser au kuukuu lolote lile, kesho asubuhi kabla hujapiga stata, fungua boneti, inama chini, kisha chukua daftari uandike tarehe, kilomita na ulichokiona. Na kama hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa uhakika mkanda wa taimingi wa gari lako ulibadilishwa lini, usilisafirishe mbali mpaka ubadilishwe.